Shati na Kilo ya Pamba: Mazungumzo ya Katibu kwenye Mkutano wa Tawi

*KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*

Wengi ambao hamkufika Jumapili mmeniomba niandike yale niliyosema mkutanoni. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Nimepunguza pale nilipojirudia, na nimerekebisha hesabu moja ambayo mwalimu mmoja wa tawi letu alinikosoa papo hapo. Asante, mwalimu. Ni marefu, kwa hiyo someni mkiwa mmetulia, na naomba msikate kipande kimoja mkakirusha kwenye magrupu mengine bila kingine.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa kamati, wazee wangu, akina mama na vijana.

Wiki iliyopita kwenye grupu letu kulikuwa na mabishano. Kijana mmoja aliandika kwamba biashara ya kimataifa ni wizi, nchi tajiri zinatunyonya, tuachane na pamba. Mwingine akamjibu kwamba nchi zote zilizotajirika zimetajirika kwa kuuza nje, tatizo letu ni uvivu. Mkaanza kutajana majina. Mwenyekiti akaniambia: "Katibu, wewe umesoma uhasibu, njoo utupigie hesabu." Nimekuja na hesabu, lakini nasema mapema kwamba hesabu yangu haitampa ushindi yeyote kati ya hao wawili.

Sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito ni kwamba msimu wa kupanda umefika mlangoni. Mbegu zinagawiwa. Kuna familia kwenye tawi hili mwezi huu zinaamua kama ekari zao nne zitakuwa pamba, dengu, mtama au mpunga. Na kuna pendekezo mezani kwamba tawi lipeleke azimio kwenye kata la kudai bei kubwa zaidi ya pamba. Kabla hatujapiga kura, tujue tunamdai nani.

Tuanze na kilo. Pamba tunayochuma shambani ina nyuzi na mbegu pamoja. Kilo tatu za pamba hiyo zikipita kwenye kiwanda cha kuchambua zinatoa nyuzi kama kilo moja, na kidogo juu yake. Kinachobaki zaidi ni mbegu, ambayo inakamuliwa mafuta na kutoa mashudu ya ng'ombe. Nyuzi zinafungwa marobota, marobota yanapanda lori kwenda bandari ya Dar es Salaam, na sehemu kubwa inaondoka nchini hivyo hivyo ikiwa ghafi. Simiyu ndiyo mkoa unaoongoza kwa pamba Tanzania. Kwa hiyo nikisema "pamba ya Tanzania inaondoka ghafi" nasema pamba yenu.

Sasa bei. Nyuzi zinauzwa duniani kwa ratili, kwa senti za dola. Chukueni senti 70 kwa ratili, na dola moja kwa Sh2,500. Hizo ni namba za kukokotolea tu, msiende nazo kwa mnunuzi. Kilo moja ina ratili 2.2, kwa hiyo kilo ya nyuzi ni dola 1.54, sawa na Sh3,850. Mkulima akiuza kilo tatu kwa Sh1,150 kila kilo, amepata Sh3,450.

Hapa mkutano ulinong'ona, na nikawaacha mnong'one. Maana yake ni kwamba katika mfano huu, kati ya bei ya nyuzi duniani na pesa iliyoingia mfukoni mwa mkulima kuna Sh400 tu. Mnunuzi ana hiyo Sh400, ana mbegu ya kukamua, na kutoka humo analipa kuchambua, magunia, tozo, riba ya benki na lori hadi Dar. Sisemi wanunuzi ni malaika. Nilipomaliza diploma nilifanya kazi misimu miwili kama karani wa mnunuzi mmoja, sitamtaja, na nimeona kwa macho yangu mizani iliyokuwa ikiibia kila mzigo kilo moja, kilo moja na nusu. Huo ni wizi, tena wizi wa jinai, na ndiyo maana wazee wetu kabla ya uhuru walianza ushirika kwa kudai mpimaji wao wenyewe asimame kwenye mizani. Ndipo ikatoka Victoria Federation ya mwaka 1955, kazi ya akina Paul Bomani, ikawa moja ya vyama vikubwa vya ushirika Afrika. Mizani tuipiganie kila msimu. Lakini hata mizani ikiwa sawasawa na mnunuzi akawa mwaminifu kama mtawa, bei ya mfano wangu haiwezi kutoka Sh1,150 kwenda Sh3,000. Pesa hiyo haipo pale.

Ipo wapi? Mama mmoja alisimama akasema, "Ipo kwenye kitenge changu." Alinikatisha, lakini alikuwa amefika kabla yangu.

Shati la kawaida lina nyuzi za gramu 200 hadi 300. Kilo moja ya pamba yako inatoa nyuzi za shati moja. Kilo hiyo umeiuza Sh1,150. Nendeni mnadani mkaulize shati la mtumba, lililovaliwa na mtu mwingine, lenye kifungo kimoja kimepotea, ni shilingi ngapi. Mnazijua bei. Shati jipya dukani ndiyo msiseme. Tofauti kati ya kilo na shati ndiyo kiini cha mazungumzo yangu, na kijana wetu anaiita wizi. Mimi kama mhasibu naigawa mafungu. Kuna mtu alisokota uzi, mwingine akafuma kitambaa, mwingine akatia rangi, mwingine akakata, mwingine akashona, mwingine akapiga pasi na kufunga. Kuna umeme ulilipiwa, meli ililipiwa, mwenye duka alilipa kodi ya pango. Sehemu kubwa ya tofauti ile ni mishahara na faida, ila hailipwi Bariadi, inalipwa kwingine.

Inalipwa wapi, nitoe mfano mmoja, Bangladesh. Nchi hiyo ilizaliwa mwaka 1971 kwenye vita, na mwaka 1974 ikapigwa na njaa kubwa. Pamba inayolimwa kwao ni kidogo mno, karibu yote wanayotumia wanainunua nje, Afrika ikiwemo. Lakini leo ni moja ya nchi mbili tatu zinazoongoza duniani kwa kuuza nguo, na zaidi ya asilimia 80 ya mauzo yao ya nje ni nguo. Pato la wastani la mtu mmoja kule sasa ni zaidi ya mara mbili ya letu. Walianzaje? Mwaka 1979 kampuni moja ya kwao, Desh, ilipeleka wafanyakazi wapatao 130 Korea Kusini kwenye kampuni ya Daewoo wakajifunze kushona kwa mtindo wa kiwanda. Waliporudi, baada ya miaka michache wengi wao waliacha kazi wakaenda kuanzisha au kusimamia viwanda vingine. Ujuzi ukatawanyika kama mbegu za choroko zinapopasuka juani.

Kwa hiyo yule aliyesema nchi hutajirika kwa kuuza nje ana hoja. Ila asikimbie na hoja yake. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la viwanda vya nguo liitwalo Rana Plaza, karibu na Dhaka, liliwaangukia wafanyakazi na zaidi ya 1,100 wakafa, wengi wao wanawake. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia, wakaamriwa waingie kazini. Hiyo nayo iandikwe kwenye daftari, upande wa gharama.

Turudi kwa kijana wetu wa kwanza, maana naye hakusema upuuzi mtupu. Kuna sehemu ya bei yetu ambayo kweli imekandamizwa, na si siri, imeamuliwa barazani. Marekani inawapa wakulima wake wa pamba ruzuku. Msimu wa 2001/02 ruzuku hiyo ilipita dola bilioni 3. Mkulima akilipwa na serikali hata bei ikianguka, hapunguzi kulima. Pamba inajaa sokoni, bei inashuka kwa wote, pamoja na yule wa Itilima ambaye hana serikali ya kumfidia. Brazil ikaishtaki Marekani kwenye Shirika la Biashara Duniani. Ikashinda mwaka 2004, Marekani ikakata rufaa, Brazil ikashinda tena mwaka 2005. Benin na Chad ziliingia kwenye kesi ile kama wahusika wa pembeni. Mwaka 2003 nchi hizo mbili pamoja na Mali na Burkina Faso zilikuwa zimekwenda kwenye shirika hilo hilo kuomba ruzuku zifutwe na wakulima wao wafidiwe.

Mwisho wake mnaujua? Mwaka 2014 Marekani na Brazil zilimaliza kesi kwa makubaliano, Marekani ikalipa dola milioni 300 zikaenda kwenye taasisi ya pamba ya Brazil. Wale waliokuwa pembeni hawakupata mgao. Sisi Watanzania hatukuwemo hata pembeni. Na msimu wa 2023/24 Brazil iliipita Marekani ikawa ya kwanza duniani kwa kuuza pamba nje. Mzee mmoja wa shina la tatu aliniuliza, "Mwanangu, kwa nini Brazil walipwe na sisi tusilipwe, pamba si moja?" Nilimjibu kwamba Brazil ilikuwa na wakulima waliojiunga pamoja, wachumi wa kupiga hesabu ya hasara, mawakili, na soko kubwa ambalo Marekani iliogopa kulipoteza. Haki bila daftari la ushahidi huishia kuwa manung'uniko. Mzee hakuridhika, na kusema kweli hata mimi jibu hilo halinipendezi.

Jambo jingine la nguvu ya mwenye soko ni mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliafikiana kupunguza na hatimaye kuondoa mitumba ili viwanda vyetu vipate wateja. Wafanyabiashara wa nguo chakavu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na mwaka 2017 Marekani ikaanza kupitia upya kama tunastahili kuendelea kunufaika na AGOA, ule mpango wa kuingiza bidhaa kwao bila ushuru. Kenya, Uganda na sisi tukalegeza. Rwanda ikakataa, na mwaka 2018 ikasimamishwa kwa upande wa nguo. Najua wapo hapa wanaoishi kwa kuuza mitumba na sina nia ya kuwafungia meza zao. Nataka tu mwone kwamba robota la nyuzi linatoka Bariadi, na robota la nguo chakavu linarudi Bariadi, na kuna watu wanaopigania kwa nguvu safari hiyo ibaki ilivyo.

Mwaka 1950 wachumi wawili, Raúl Prebisch wa Argentina na Hans Singer, walionyesha kwamba kwa muda mrefu bei ya mazao ghafi huelekea kushuka ikilinganishwa na bei ya vitu vya viwandani. Wazee hapa mlisikia jambo hilo hilo kwa Mwalimu Nyerere, aliyekuwa akilalamika jinsi trekta lile lile linavyodai katani zaidi kila mwaka. Kuna wanaobishana na hesabu za wale wawili hadi leo. Mimi naongeza jambo ambalo mkulima wa pamba analijua bila kusoma, kwamba kuyumba kwa bei kunaumiza kuliko kushuka taratibu. Machi 2011 bei ya dunia ilipita dola 2 kwa ratili. Aprili 2020, wakati wa korona, ilikuwa chini ya senti 70. Hapa kwetu bei dira ilikuwa Sh1,200 mwaka 2019 ikawa Sh810 mwaka 2020. Ikapanda hadi Sh1,560 mwaka 2022, ikaanguka hadi Sh1,060 mwaka 2023.

Hapo mwaka 2023 nilikuwemo. Bei ya 2022 ilinilevya. Nikakodi ekari sita, mimi katibu wenu mwenye diploma, nikalima kwa bei ya mwaka uliopita. Kukodi, kulima, palizi, dawa na kuchuma vilinigharimu Sh1,690,000. Nikavuna kilo 1,450 kwenye ekari zote sita. Kwa Sh1,060 nikapata Sh1,537,000. Hasara Sh153,000, na ng'ombe mmoja wa jembe akauzwa kulipa deni. Nyumbani hawajaacha kunikumbusha.

Nimeirudia hesabu ile mara nyingi. Kama bei ingebaki Sh1,560 ningepata Sh2,262,000, yaani Sh725,000 zaidi. Lakini tazameni upande wa pili. Nilivuna kilo 240 hivi kwa ekari. Hiyo ndiyo kawaida yetu wengi, kilo 200 hadi 300, wakati wataalamu wanasema ekari ikitunzwa vizuri inaweza kufika kilo 1,000. Ningepata kilo 500 tu kwa ekari, kwa bei ile ile mbaya ya Sh1,060, ingekuwa Sh3,180,000. Ningelipa wachumaji zaidi na dawa zaidi, sawa, lakini ng'ombe wangu angekuwa zizini. Kwa nini sikupata? Nilipanda kwa kutawanya safu kama baba yangu alivyopanda, nilipulizia dawa wadudu walipokwisha kula vitumba, na maotea ya msimu uliopita nilikuwa sijayang'oa. Hakuna Mmarekani aliyenizuia kuyang'oa.

Na usafi. Pamba ya Tanzania ilikuwa ikilipwa ziada kidogo sokoni kwa sababu ilichambuliwa kwa mkono na kupangwa, safi mbali na fifi mbali. Baada ya soko kufunguliwa mwaka 1994, kila mtu akakimbilia kununua chochote na ziada ile ikapotea. Leo tunachumia kwenye viroba. Uzi mmoja wa kiroba ukiingia kwenye nyuzi haushiki rangi, unaonekana kama mstari mweupe kwenye kitambaa kizima, na mwenye kiwanda kule anarudisha mzigo au anakata bei. Wanaotia maji na mchanga sina la kuwaambia, wanajijua, na wanatuibia sisi kabla hawajamwibia mnunuzi.

Kijana aliniuliza kama Tanzania haijaendelea basi, mbona Benki ya Dunia ilituingiza kwenye nchi za kipato cha kati cha chini Julai 2020? Ni kweli ilituingiza. Pato la wastani la mwaka 2019 lilikuwa dola 1,080 na mstari ulikuwa dola 1,036. Lakini wastani ni kitu cha kuangaliwa kwa makini. Nikiwa na ng'ombe 100 na majirani zangu tisa hawana hata mmoja, wastani wetu ni ng'ombe kumi kumi. Waende wakakamue wastani. Nchi yetu inauza dhahabu nyingi, na dhahabu inapandisha wastani bila kupita kwenye shamba la mtu wa Meatu. Biashara ya nje inakuza pato pale ambapo watu wengi wana kazi ndani yake. Pamba ina watu wengi, ila wote tumejazana kwenye hatua ya kwanza, ile inayolipa kidogo.

Wanaosema tuhamie mazao ya kuuza India, wawaulize wakulima wa mbaazi. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi za kutoka nje, na bei hapa nchini ikaporomoka msimu uliokuwa umeshapandwa. Sipingi dengu wala choroko, mimi mwenyewe nitapanda ekari moja. Ila zao lenye mnunuzi mmoja mkubwa linakuhamishia tatizo lile lile kwenye shamba jingine.

Sasa azimio. Maoni yangu, na kamati inaweza kunipinga, ni kwamba azimio la "bei iongezwe" peke yake tusilipeleke. Kata watalipokea, watalifungia kwenye jalada, na msimu ujao bei itakuwa ile ya dunia. Napendekeza twende na jambo la nyuzi. Nchi hii iliwahi kusokota na kufuma pamba yake: MWATEX Mwanza, MUTEX Musoma, Urafiki Dar es Salaam. Viliyumba kwa mitambo mibovu, umeme, usimamizi na ushindani wa mitumba, na tukitaka vingine tuseme wazi yale makosa yatazuiwaje, tusiombe jengo la kupigia picha. Tuwaulize viongozi wetu, wakiwemo wa chama chetu wenyewe, maswali yanayojibika. Ni robota ngapi za pamba ya mkoa huu zinasokotwa nchini? Sare za shule na mashuka ya hospitali yanayonunuliwa kwa pesa ya umma katika halmashauri zetu yanatoka kiwanda gani? Vijana wetu waliosoma ushonaji VETA wako wapi, na nani amewahi kuwapeleka kujifunza kazi ya kiwanda kama wale 130? Kenya inalima pamba kidogo kuliko sisi na inauza Marekani nguo nyingi kuliko sisi, kwa kitambaa cha kununua. Tuulize kwa nini.

Mkutano haukupiga kura. Akina mama walisema maswali ni mazuri lakini ada za shule ni Januari, wao wanataka bei. Nimeliandika hilo kwenye kumbukumbu neno kwa neno, na halina kosa.

*UTEKELEZAJI*

Viongozi wa mashina, kabla ya Alhamisi jioni nitumieni kwa kila kaya inayolima: ekari za pamba msimu uliopita, kilo zilizouzwa, na bei iliyolipwa. Andikeni kilo za kwenye stakabadhi, si za kukumbuka. Asiye na stakabadhi aandikwe hivyo hivyo, "hana", maana hiyo nayo ni taarifa. Mwalimu amekubali kukagua majumlisho yangu. Jumapili ijayo saa nane mchana tunakutana tena mahali pale pale, na azimio litapigiwa kura likiwa na namba zetu wenyewe ndani yake.

Mwenye mifuko ya kitambaa ya kuchumia ya zamani asiitupe.

Katibu wa Tawi